Sanamu Isiyochongwa

Mkristo wa siku hizi akisikia habari za ibada ya sanamu, aghalabu mawazo yake huenda mbali na nyumba yake. Huona gogo lililochongwa macho na pua, au yale mawe ya mizimu yaliyowekwa zamani katika miji ya Walugbara, mahali pa kuwatolea wazee waliofariki nyama na pombe. Akiisha kuyaona hayo kwa macho ya fikra, hujitazama mwenyewe, msalaba shingoni na kitabu kwapani, akashukuru kwamba amekwisha kuvuka mto. Shukrani hiyo ni ya haraka. Sanamu iliyo hatari kuliko zote haikuchongwa na fundi, wala haikai uani. Hukaa katika tamaa ya mtu ya kujipatia usalama ambao Mwenyezi Mungu hakumwahidi, kwa bei ambayo Mwenyezi Mungu hakuitaja.

Hapana mahali pafaapo kulipima neno hili kuliko gombolola ya Lobule, wilayani Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Arua mpaka mwaka 2005. Wenyeji wake wengi ni Wakakwa, na mpaka wa Kongo u karibu, hata tangu mwaka 2013 gombolola hiyo imewapokea wakimbizi wa Kongo na kuwapa mahali pa kulima na kulala. Makanisa yapo, na misikiti ipo. Jina la Mungu limezoeleka vinywani. Hata Walugbara, katika Biblia ya lugha yao, humtaja kwa neno hilihili la Kiswahili, Mungu. Lakini neno laweza kubadilika katika kinywa kwa mwaka mmoja, na moyo ukachukua miaka mia. Nchi hii yenyewe inayo historia ya kulithibitisha jambo hilo, na historia hiyo ni ya maji.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Wakakwa na Walugbara walipatwa na misiba iliyofuatana. Ng'ombe walikufa kwa sotoka, watu wakafa kwa maradhi, na wageni wenye bunduki wakaingia kutafuta pembe na watumwa. Kisha nchi ikaanza kupita mkononi mwa mtawala mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909, Lado ikatiwa katika Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwananchi aliyekuwa hajasafiri hata siku moja alijikuta amekaa katika dola tatu, na kila dola ina amri zake.

Hapo ndipo lilipovuma jina la Rembe, mganga na nabii wa Kikakwa, na maji yaliyoitwa Yakan. Katika maandishi ya Waingereza yameitwa pia Maji ya Allah. Wazee walikwenda kwa Rembe kuyatafuta, kwanza kwa ajili ya maradhi, baadaye kwa ajili ya bunduki. Aliyeyanywa aliahidiwa kwamba hatakufa, kwamba wazee waliofariki watarudi na ng'ombe waliokufa watafufuka, na kwamba bunduki za serikali zitatoa maji badala ya risasi. Serikali ilimkamata Rembe, akapelekwa Yei katika Sudan, na huko akauawa mwaka 1917. Hata hivyo maji yake hayakukauka mara moja. Mwaka 1919 yalizuka mapambano huko Udupi baina ya wafuasi wa Yakan na askari wa serikali. Damu ilimwagika, watu wakafa, na wakuu kadhaa wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwao. Bunduki zilikuwa zimetoa risasi.

Si adili kuwacheka watu wale. Waliogopa mambo ya kweli. Maradhi yalikuwa ya kweli, bunduki zilikuwa za kweli, na dhuluma ilikuwa ya kweli. Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na asiyepata kuzama hawezi kumlaumu mwenzake kwa alichokishika. Kosa halikuwa katika hofu yao, wala katika kutaka kuwaokoa watoto wao. Kosa lilikuwa kwamba kitu kilipewa heshima ya Mungu bila ya kuulizwa swali lolote. Na kitu kisichoulizwa swali hudai mwishowe hata uhai wa mwenye kukitegemea.

Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, mwaka mmoja kabla ya mapambano ya Udupi. Wakatoliki nao walijenga misioni zao katika miaka hiyohiyo. Waliobatizwa wakafundishwa kuyaacha maji ya Yakan na mawe ya mizimu, na wengi wakayaacha. Lakini swali la kuulizwa na kizazi cha leo ni hili: je, waliiacha na ile haja iliyowapeleka kwa Rembe, au waliihamisha tu ikaingia kanisani pamoja nao na kukaa benchi ya mbele?

Maandiko yenyewe hayakuficha kwamba kitu kitakatifu chaweza kugeuka sanamu. Nyoka wa shaba aliinuliwa na Musa jangwani kwa amri ya Mungu, watu wakapona. Karne nyingi baadaye, Mfalme Hezekia alikuta Waisraeli wanamfukizia nyoka yuleyule uvumba. Hakusema kwamba ni mali ya kale ya kuhifadhiwa. Alimvunja vipande vipande. Aidha ipo habari impasayo kila askari kuijua, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Waisraeli walishindwa na Wafilisti, watu wapata 4,000 wakafa. Wazee waliuliza kwa nini wameshindwa, lakini bila ya kungoja jibu wakalileta Sanduku la Agano kambini, wakapiga kelele za furaha hata ardhi ikavuma. Vita vya pili vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza: walianguka 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa. Sanduku lilikuwa la kweli, na Mungu aliye wake alikuwa wa kweli. Lakini jeshi lilikuwa limemgeuza Mungu kuwa silaha, naye hakukubali kubebwa.

Afrika Mashariki imeyaona mambo hayo kwa macho yake. Katika vita vya Maji Maji, kusini mwa Tanganyika, kati ya mwaka 1905 na 1907, dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe iliwaunganisha watu waliodhulumiwa na Wajerumani, na umoja huo unaheshimiwa mpaka leo. Lakini maji hayakuizuia risasi hata moja, na vita pamoja na njaa iliyofuata viliua makumi ya maelfu. Hayo yalikuwa kabla ya wengi kubatizwa. Yaliyotokea Acholi, ng'ambo ya pili ya Nile, yalitokea katika nchi ya Wakristo. Mwaka 1986 Alice Auma, aliyesema ameingiwa na roho aitwaye Lakwena, alikusanya jeshi ambalo ndani yake walikuwamo askari wa zamani waliofunzwa vizuri. Walipakwa mafuta, wakakatazwa kujificha wakati wa mapigano, wakaenda mbele wakiimba nyimbo za dini, na wengine walibeba mawe wakiambiwa yatalipuka kama makombora ya mkono. Walifika mpaka karibu na Jinja, wakashindwa huko mwishoni mwa mwaka 1987. Mwenyewe alikimbilia Kenya, akafariki huko katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007.

Katika jeshi lile ilikuwapo kanuni moja ambayo kila mwenye akili aitazame sana. Askari aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja mojawapo ya amri za roho. Mafuta hayakukosea kamwe. Aliyekosea ni marehemu. Hii ndiyo alama ya sanamu iwayo yote, yenye macho ya mti au isiyo na macho: haikubali hasara. Mgonjwa akipona, sifa ni zake. Mgonjwa akifa, lawama ni ya mgonjwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Dawa ya hospitali isipofaa huondolewa rafuni. Afisa akikipoteza kikosi huulizwa. Lakini chupa ya maji yenye picha ya mhubiri haina wa kuiuliza, na mjane aliyeinunua hurudi nyumbani na misiba miwili, wa kufiwa na wa kujilaumu.

Na haya si mambo ya kambi za vita tu, yamo majumbani. Na achukuliwe kwa mfano mke wa askari anayebaki kijijini na watoto. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka majeshi ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, mwezi Machi 2007, na tangu hapo nyumba nyingi zimejua maana ya kungoja simu usiku. Mwanamke huyo anaomba, na ni haki yake kuomba. Siku moja akaambiwa kwamba sala yake haitoshi, kwamba yapo mafuta maalumu, na kwamba mume wa jirani alipatwa na mabaya kwa sababu mkewe hakutoa sadaka ya mafuta hayo. Karo ya mtoto ikaenda. Mwezi uliofuata akaambiwa nguvu ya mafuta imekwisha. Mume anarudi likizo akiwa mzima, mtoto hakusoma muhula huo, na mke anaogopa kuacha kununua, maana nani atakayethubutu kulijaribu jambo hilo kwa maisha ya baba wa watoto wake? Haabudu tena kwa upendo. Analipa kodi ya hofu.

Ugonjwa ndio mlango mwingine mpana. Mtoto akishikwa na degedege, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, watu wa zamani walisema ni ndege, na watu wa sasa husema ni pepo. Aghalabu katika nchi ya malaria kama West Nile ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea ni hatari kwa uhai wa mtoto au akili yake. Hali kadhalika ugonjwa wa malale. Kwa miaka mingi malale ya aina iletayo mateso ya polepole ilikaa katika mito ya West Nile. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hubadilika tabia na kusema maneno yasiyo na mpango. Ni rahisi sana kumwona mtu wa namna hiyo na kusema ana mashetani.

Na malale haikushindwa kwa kelele. Watu walipimwa damu, wagonjwa wakatibiwa, na kando ya mito, Koboko ikiwa miongoni mwa wilaya hizo, vikasimamishwa vitambaa vidogo vya buluu vilivyotiwa dawa ya kuua mbung'o. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda. Kitambaa kile cha buluu kina mengi ya kufundisha. Hakuna aliyekipigia magoti. Hakikuuzwa kwa mwenye imani na kunyimwa asiyekuwa nayo. Kilimlinda mlevi na mzee wa kanisa sawasawa, kama mvua. Ikiwa Mkristo anataka kumshukuru Mungu kwa kitambaa, na aanze na hicho.

Wapo watakaojibu kwamba walaghai ni wachache na wanajulikana. Lakini sanamu haihitaji mlaghai. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 tu, akisema ameonyeshwa katika ndoto. Bei ile haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Magari yalipanga msururu wa kilomita nyingi, wagonjwa wakatolewa vitandani hospitalini, wengine wakafa njiani kabla ya kukifikia kikombe. Na wako waliorudi kwao wakaziacha dawa za virusi vya Ukimwi au za kisukari kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Mtu aweza kuwa mnyofu, na kikombe chake kikawa sanamu, kwa sababu waliokishika hawakutaka kuulizwa wala kuuliza.

Na mwisho wa njia hiyo ni pale ambapo sanamu ni mtu mzima anayepumua. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Walikuwa wamekwisha kuuza mali zao wakingoja mwisho wa dunia. Huko Shakahola, karibu na Malindi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, naye akafikishwa mahakamani. Wengi wao walikuwa wamefunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyedhani kwamba anaabudu sanamu. Wote walikuwa na Biblia.

Basi Mkristo wa Lobule, au wa kambi yoyote ya jeshi na polisi, atatofautishaje baraka na hirizi? Kipo kipimo cha nyumbani kisichohitaji elimu kubwa. Kwanza, je, kitu hicho chakubali kuulizwa? Pili, je, chamwachia mtu wajibu wake, au chamwambia auache: dawa yake, chandarua chake, shule ya watoto, kofia ya chuma na handaki? Tatu, je, hasara ikitokea, nani hubeba lawama? Na nne, je, fedha zikiisha, mlango hubaki wazi? Baraka ya kweli hushinda katika maswali yote manne. Mama aliyemwombea mwanawe akiwa amembeba mgongoni kuelekea zahanati hakukosa heshima kwa Mungu. Ameomba kwa mdomo na kwa miguu.

Kipo na kipimo kikubwa zaidi, nacho kimo katika historia ya kanisa la Uganda lenyewe. Kila tarehe 3 Juni maelfu ya watu humiminika Namugongo kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao. Moto haukugeuka maji. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, baada ya yeye na maaskofu wenzake kuyalalamikia mauaji na maonevu. Risasi hazikugeuka maji. Aliyekikalia kiti chake baada yake alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa kasisi wa askari wa King's African Rifles. Na kasisi wa askari huwazika vijana waliosali usiku uliotangulia. Dini ambayo mashahidi wake waliungua haiwezi kumuuzia mtu yeyote ahadi kwamba hataungua. Ilichowapa watu hao ni kitu kingine: kusimama katika haki bila ya kujua watarudi au hawatarudi. Kitu hicho hakiuzwi katika chupa.

Tena mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa sare ni wa Naamani, jemadari wa majeshi ya Shamu, aliyekuwa na ukoma. Alifika kwa Elisha na fedha, dhahabu na mavazi, akitazamia mambo makubwa. Akaambiwa tu akaoge Yordani. Alipopona, alisihi mno zawadi zake zipokewe, na nabii akakataa kabisa. Mtumishi Gehazi ndiye aliyemkimbilia nyuma kwa siri akazidai, na ukoma ukamwangukia yeye. Yordani haikuuzwa siku ile, wala Naamani hakupewa chupa ya kurudi nayo kwao.

Kazi ya kuvunja sanamu, kwa hiyo, haianzii kwa jirani wala kwa mawe ya mababu, ambayo mengi yamekwisha kufunikwa na nyasi. Huanzia mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa mezani, mume na mke wakizungumza bila kufichana ni kiasi gani kimekwenda kwa hofu na kiasi gani kwa upendo. Sadaka itolewe, maskini wa kanisa wakumbukwe, na mgeni aliyekimbia vita Kongo apewe chakula. Hayo yote ni ibada. Lakini karo ya mtoto ilipwe, chandarua kilichotoboka kishonwe, na mwenye kunywa dawa kila jioni aendelee kuinywa, akimshukuru Mungu kwa kila kidonge.

Na usiku mtoto akishikwa na homa, sala isemwe upesi, na safari ya zahanati ianze.